Unataka kuwa therapisti wa usemi wa watoto na uko Tanga? Anzia hapa

Haipiti wiki mbili bila kijana mmoja kunifuata, kama si wasap basi nakutwa Ngamiani nanunua zangu maandazi, "dada samahani, ile kazi yako ya kufundisha watoto kusema inasomewa wapi, na inalipa?" Nimejibu mpaka mdomo umechoka, sasa naandika yote hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii asome kwanza ndo tuongee. Mimi nilianza kama mwalimu wa elimu maalum, nikakaa darasani miaka kadhaa na watoto ambao hawasemi na kiukweli nilikuwa nawachezesha tu, sijui hata nishike wapi, ndo nikajifunga kibwebwe nikaenda kusoma Kampala nikarudi zangu Tanga. Leo niko kliniki siku tatu, siku zilizobaki nazunguka mashuleni na majumbani kwa baiskeli (Tanga hii, bajaji ya nini). Nitaenda hatua kwa hatua ila msitegemee mpangilio wa daftari.

Hatua ya kwanza: ujue kazi yenyewe ni ipi

Wengi wanadhani ni matamshi tu, yaani mtoto anasema "lafiki" unamkalisha kwenye kiti unamwambia sema rrrr mpaka jioni. Hiyo ipo ila ni kipande kidogo sana, na saa ingine hiyo lafiki wala si tatizo, unamuuliza mama anasema lafiki, bibi naye lafiki, mjomba aliyemleta lafiki, sasa hapo unatibu nini, unatibu ukoo mzima? Hayo ni mazungumzo ya kwao. Mtu akitoka Pangani anasema kivyake, Mdigo kivyake, Msambaa aliyeshuka jana kutoka Lushoto naye kivyake, na wewe usipojua kutofautisha lafudhi na shida ya kweli utawaonea watoto wa watu.

Kazi yenyewe ni hii: mtoto aliyechelewa kusema, mwenye kigugumizi, mwenye usonji, mwenye mtindio wa ubongo, asiyesikia vizuri, aliyezaliwa na mdomo sungura au kaakaa lililo wazi, aliyesema vizuri halafu akaugua homa ya uti wa mgongo au malaria ikapanda kichwani akaamka hana maneno. Na kuna jambo ambalo hakuna anayelitegemea, kula. Ndio, kula na kumeza ni kazi yetu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo analishwa uji amelazwa chali mapajani, kichwa kimening'inia nyuma, uji nusu unakwenda tumboni nusu unakwenda mapafuni, kila mwezi anapelekwa hospitali na kifua na watu wanasema kifua cha kuzaliwa nacho. Unamkalisha wima, kidevu unakishusha kidogo, kijiko kidogo, uji mzito kidogo kuliko ule wa maji maji, unasubiri ameze ndo unampa kingine. Hapo hata neno moja hajasema lakini ushafanya kazi kubwa kuliko yote ya wiki hiyo.

Na wapo ambao hawatasema kwa mdomo kabisa. Hao unawatafutia njia nyingine, picha, ishara, lugha ya alama, simu inayotoa sauti. Ukiingia kazi hii ukidhani kufaulu ni mtoto kutoa sauti tu utavunjika moyo mapema.

Hatua ya pili: nenda ukakae na watoto kabla hujajaza fomu yoyote

Hapa ndo nawapoteza wengi. Andika barua ya kuomba kujitolea, mpelekee mwalimu mkuu wa shule ya msingi yenye kitengo cha elimu maalum, au omba kukaa chumba cha fiziotherapi (tiba ya viungo) hospitali yoyote iliyo karibu nawe, kaa wiki mbili. Utamwagiwa uji. Utatemewa mate. Kuna mtoto atakuvuta ushungi na kuna mwingine hatakuangalia usoni hata mara moja siku zote kumi.

Ninachokuangalia mimi sio huruma, huruma kila mtu anayo wiki ya kwanza. Naangalia kama unaweza kunyamaza. Fanya hivi: kaa chini na mtoto, mwoneshe kitu anachokipenda, mfano gari, halafu nyamaza uhesabu kimoyomoyo mpaka kumi huku unamwangalia kama unayemngojea. Kumi kamili. Watu wa Tanga tunapenda maneno, mtu akifika tatu keshaanza "haya sema gari, sema ga-ri, mbona husemi, jana si ulisema", na mtoto kafunga mdomo. Kumbe kichwa chake kilikuwa njiani kinakuja na jibu. Ukiweza kumi, tuendelee.

Hatua ya tatu: kusoma

Kama bado uko sekondari, usikimbie sayansi. Bailojia, Kemia na Fizikia ndo funguo za digrii za afya hapa nchini, na kwa hii kozi pia. Pale Muhimbili, chuo kikuu cha MUHAS, kuna digrii ya odiolojia na tiba ya usemi na lugha, yaani masikio na usemi kwa pamoja, jambo ambalo naona ni akili sana na utaona kwa nini hatua ya tano. Sifa za kuingia zinatoka kila mwaka kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), soma wewe mwenyewe usisikilize ya kijiweni, na mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo) uombe dirisha likifunguka tu sio siku ya mwisho mtandao unazunguka zunguka stationari na foleni imefika mlangoni.

Ukitaka nje, jirani yetu Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianzisha digrii ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, ya kwanza Afrika Mashariki, na ndiko nilikosoma. Njia yangu ilikuwa Horohoro, Mombasa, Nairobi, halafu Kampala, chupi za akiba na njugu za kukaanga kwenye begi la mkononi, ushauri huo haumo kwenye mwongozo wa TCU. Afrika Kusini ni digrii ya miaka 4 na wana historia ndefu ya fani hii, ila gharama ujipange. Uingereza ukimaliza lazima usajiliwe na HCPC, baraza lao la wataalamu wa afya, ndo uguse mgonjwa. Marekani huko digrii ya kwanza haikutoshi, unahitaji ya uzamili, ndani yake masaa 400 ya kliniki ukiwa unasimamiwa, kisha mwaka wa kwanza wa kazi nao unahesabiwa kama mafunzo, masaa yasiyopungua 1,260 kwa wiki zisizopungua 36, na juu yake mtihani wa taifa unaoitwa Praxis, ndo unapewa cheti cha ASHA, chama chao cha wataalamu wa usemi na usikivu.

Nimeziandika namba hizo makusudi. Maana kuna watu wanakuja na cheti cha mtandaoni cha masaa sita, wamekilamineti, wanafungua ofisi wanajiita therapisti. Kozi fupi ni nzuri, nazisoma hata mimi mpaka leo, lakini masaa sita si mia nne, na mtoto anayepaliwa na uji si wa kujifunzia.

Je kama huna hizo alama za sayansi? Kuna mlango wa pembeni, mimi mwenyewe nilipita huko. Ualimu wa elimu maalum, pale Patandi Arusha ndo chuo kinachojulikana kwa hilo. Tiba kwa vitendo, ile okyupesho therapi, inasomeshwa hospitali ya KCMC Moshi. Uuguzi pia. Hizi hazikufanyi therapisti wa usemi, nasema tena hazikufanyi, ila zinakuweka na watoto wale wale, unapata mshahara, unajifunza kushika mtoto na kuongea na mzazi, halafu ukiwa na uzoefu unajenga sifa za kwenda kusoma hii yenyewe. Imenichukua muda mrefu kuliko wenzangu waliopita mlango wa mbele ila darasani nilikuwa namjua mtoto wanayemsoma kwenye kitabu.

Hatua ya nne: ukiwa chuo jifunze Kiswahili

Mtacheka, Mtanga aambiwe ajifunze Kiswahili. Lakini skia. Vipimo karibu vyote utakavyopewa vimetungwa kwa Kiingereza kwa watoto wa huko. Nikiwa mgeni kazini nilimpima mtoto wa miaka minne na nusu kwa kitabu cha picha cha namna hiyo, nikamwonesha mtu wa theluji, ana kofia na karoti puani. Akamtazama, akanitazama mimi, akasema "jini." Kwa mujibu wa kitabu hilo ni kosa. Ikaja picha ya mashine ya kufulia, akasema "luninga". Kosa. Mwisho wa kitabu mtoto ana maksi za mtoto wa miaka miwili, tukatoka nje akaanza kunitajia yeye samaki waliokuwa kwenye ndoo ya babu yake, changu, tasi, kolekole, pono, na makasia na matanga na kila kitu. Nilijisikia vibaya sana siku ile nikakifungia kile kitabu kabatini.

Halafu lugha yenyewe imejengwa tofauti. Kiingereza mambo yanaongezwa mwishoni mwa neno, kwetu yanapachikwa mbele, "ni-na-ku-pend-a" ni neno moja na lina vipande vitano, kwa hiyo ukihesabu maneno kama wanavyohesabu wao utamwona mtoto wa Kiswahili yuko nyuma wakati hayuko. Hesabu vipande. Angalia kama anaweka kiambishi cha mtenda, mtoto mdogo anasema "nakula" vizuri siku moja siku nyingine "kula" tupu, hiyo ni kawaida akiwa mdogo, akifika miaka mitano bado hivyo hapo uanze kuuliza. Maneno yetu ni marefu pia, mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, ndo maana mtoto anabakiza mkia, samaki inakuwa "maki". R na L, zile dh na th na gh, hizo zinachelewa, usimsumbue mtoto wa miaka mitatu kwa sababu ya gh.

Basi ukiwa chuo kila likizo rudi na simu yako, warekodi watoto wazima wasio na shida, kwa ruhusa ya wazazi wao, wanaocheza wanaogombana, uandike wanavyosema kwa alfabeti ya fonetiki, zile alama za kuandikia sauti. Watoto thelathini hivi wa umri tofauti. Hicho ndo kitakuwa kipimo chako na hakuna atakayekuuzia. Jifunze na lugha ya alama ya Tanzania, sio ya Marekani ya kwenye vidio, na maneno ya salamu ya Kidigo, Kisambaa, Kibondei, Kizigua. Na usije ukamwambia mzazi aache Kisambaa nyumbani eti kinamchanganya mtoto. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, kinachomkosesha ni bibi kunyamaza kwa sababu kakatazwa lugha anayoijua.

Hatua ya tano: siku ya kwanza na mtoto, sikio kwanza

Sikio kwanza. Sikio kwanza. Nimeandika mara mbili na ile ya juu ya tatu. Mtoto akija "hasemi" usianze na kadi zako za picha, andika rufaa apimwe usikivu, hata kama mama anaapa kwamba anasikia. Mama anasema "akisikia pikipiki anageuka", sawa, pikipiki inasikika mpaka baharini, swali ni kama anasikia s na f na k. Muulize mama maswali ya nyuma, ya mambo yanayoweza kuharibu usikivu: alipozaliwa alipata manjano kali? Aliwahi kulazwa akichomwa sindano za jentamisini kwa muda? Uti wa mgongo? Masikio yanatoa usaha? Hilo la usaha huku kwetu linapuuzwa mno, watu wanatia mafuta ya nazi ya moto wanaona yameisha. Mwaka 2017 Muhimbili walianza kupandikiza vifaa vya usikivu ndani ya sikio, na watoto waliowekewa wanahitaji mtu wa kuwafundisha kusikiliza miaka inayofuata, sasa huyo mtu akikosekana mkoani mzazi anabaki na kifaa cha mamilioni na mtoto hasemi.

Baada ya sikio, mdomo. Taa ya simu, angalia kaakaa lote hadi nyuma, kuna kaakaa lililo wazi kwa ndani tu ambalo nje mdomo mzima na watu hawakuliona. Dalili ni maziwa kutokea puani alipokuwa mchanga, na sasa anasema kwa pua, p na b na k hazina nguvu maana hewa inavujia juu. Huyo anahitaji upasuaji kwanza, hospitali ya CCBRT Dar wamefanya kazi kubwa upande huo, halafu ndo anarudi kwako. Na akirudi usimpe puto na filimbi apulize, najua kila mtu anafanya, kupuliza kunamfundisha kupuliza, kusema kunafundishwa kwa kusema.

Udata sasa. Kila mtoto asiyesema huku anaambiwa ana udata, akatwe chini ya ulimi, na wengine wanakatwa kimeo kabisa. Ulimi uliofungwa unaweza kusumbua kunyonya, na baadhi ya sauti, lakini haumfanyi mtoto wa miaka mitatu asiwe na neno hata moja. Angalia anaweza kulamba mdomo wa juu? Basi mwache ulimi wake.

Halafu kaa chini mcheze. Usimuulize mama "anasema maneno mangapi", atakutajia ishirini kwa sababu ni mama. Uliza "akitaka maji anafanyaje?" Hapo utaambiwa ukweli wote, analia tu, au ananivuta mkono, au anaonesha kwa kidole, au anasema "mmaa". Kwa makadirio tu ya kubeba kichwani: mwaka mmoja kuna neno la kwanza au liko karibu, miaka miwili awe na maneno kama 50 na anaunganisha mawili, "mama maji", miaka mitatu mgeni amwelewe sehemu kubwa. Na mtoto wa mwaka asiyegeuka akiitwa jina lake, au wa mwaka na nusu asiyeonesha kitu kwa kidole, usimwambie mama subiri, hata kama baba yake naye alichelewa.

Hatua ya sita: bibi

Hii ndo kazi, nyingine zote ni maandalizi.

Wewe utakaa na mtoto nusu saa au dakika arobaini kwa wiki. Zilizobaki zote yuko na bibi, maana mama yuko sokoni au kiwandani au Dar. Sasa ukimfundisha mtoto wewe peke yako chumbani umefunga mlango, umefundisha dakika arobaini. Ukimfundisha bibi, umepata wiki nzima. Mimi ilinichukua karibu miaka miwili kulielewa hili, nilikuwa nikimwambia bibi "subiri hapo nje kwenye benchi", nikijiona mtaalamu.

Namna ya kuingia. Shikamoo kwanza, na ukae mkekani kama yeye yuko mkekani, usimsimamie na faili. Muulize yeye anaonaje. Atakuambia ni jicho, au mchango, au mtoto alianguka, au ana majini, au mvivu tu. Usibishe. Nilibisha siku moja nyumba fulani Makorora nikapewa chai na sikuitwa tena. Sasa hivi nikiambiwa wanampa kombe (maji ya maandishi ya dua) nasema "sawa bibi, kombe anywe, na masikio yapimwe", na tunakwenda vizuri.

Halafu mpe kazi moja. Moja tu, na iwe ndani ya shughuli anayoifanya tayari, usimwongezee dakika yoyote kwenye siku yake. Bibi anabangua kunde? Basi kila akichukua ganda moja ashike karibu na mdomo wake, amtazame mtoto, asubiri, aseme "kunde", ampe. Anamwogesha? "Maji. Maji ya moto. Mwaga maji." Maneno mafupi, mtoto akisema moja yeye aseme mawili, mtoto akisema "maji" bibi aseme "maji baridi", basi, bila "sema tena". Kuuliza uliza ndo ugonjwa wetu, hii nini, na hii nini, taja, mtoto anaona kila mazungumzo ni mtihani.

Kuna bibi mmoja Mabawa hajui kusoma, nikawa nahangaika nitamwandikishaje maendeleo, akaniambia niache mimi nitajua. Kila neno jipya likitoka akawa anatia punje ya hindi kwenye kopo la maziwa ya unga. Baada ya miezi miwili kanimwagia mkekani punje 23, nikamtania "bibi hizi si umeongeza", akanitajia moja moja, hii ni "paka", hii "nipe", hii "toka", hii ni tusi lakini nimeihesabu. Sijawahi kupata rekodi safi kama ile hata kwa wazazi wenye digrii. Siku hizi wengi nawapa kopo.

Ustadhi naye umtembelee. Mtoto mwenye kigugumizi anachapwa madrasa kwamba hataki kusoma, kumbe akisoma peke yake linakwama, akisoma na wenzie kwa pamoja halikwami. Hilo linajulikana dunia nzima, kigugumizi kinapungua sana mtu akisema pamoja na wengine au akiimba, kwa hiyo mwambie ustadhi amwanzishie wawili wawili, asimtoe mbele peke yake kwa sasa. Nimefanya hivi kwa kumi hivi na mmoja tu ndo ustadhi wake alinikatalia. Wengi wa watoto wadogo kigugumizi kinaanza kati ya miaka miwili na mitano na kwa walio wengi kinaondoka chenyewe, lakini "sema polepole" na "vuta pumzi" hazisaidii, zinamwambia tu kwamba anakosea. Mwangalie usoni, msubiri amalize.

Hatua ya saba: vifaa

Haraka haraka. Usinunue kadi za nje. Piga picha vitu vya kwao: chungwa la Muheza, baiskeli, ngalawa, kanga ya bibi, choo chao wenyewe, mlango wao. Chapisha stationari, lamineti, toboa, tunga na kamba. Kioo kidogo, mapovu ya sabuni, mpira, gari la waya, mwanasesere, kijiko cha plastiki kifupi, mkeka, taa, glovu, daftari. Vyote vinaingia kwenye kikapu kimoja.

Hatua ya nane: kazi na pesa

Ukweli mchungu ni kwamba nafasi zilizoandikwa "therapisti wa usemi" zikitangazwa mikoani ni chache, ukikaa kusubiri tangazo utazeekea Chumbageni. Unaitengeneza. Nilichofanya, nilikwenda kwenye hospitali moja nikaomba siku moja kwa wiki ndani ya idara ya fiziotherapi, bure miezi mitatu, wakanipa chumba kinachopakana na jenereta. Nafundisha watoto kusikiliza, jenereta linanguruma. Nikahamia chini ya mwembe nje, na pale chini ya mwembe ndo kila aliyekuwa anapita aliniona nafanya nini, wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto wakaanza kuniletea watoto mmoja mmoja. Baada ya miezi mitatu nikawa na daftari lenye majina, nikalipeleka kwa uongozi, ndo mkataba ukaanza. Idadi kwenye daftari inaongea kuliko barua ya maombi.

Watu wa kuwajua kwa majina: wauguzi wanaopima uzito watoto, maana wao wanamwona kila mtoto, daktari wa masikio, walimu wa chekechea, fiziotherapisti, mashirika ya watu wenye ulemavu ya hapo mkoani. Waachie karatasi moja yenye dalili tano na namba yako, dalili tano tu, ukiandika kumi hawasomi. Shule binafsi zinaweza kukulipa kwa muhula ukaja siku moja ya wiki. Na mwalimu mkuu akikuambia mtoto huyu hatumpokei kwa sababu hasemi, sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma, mkumbushe kwa upole ukiwa na nakala mkononi.

Bei sitaandika maana inabadilika na nitagombana na watu. Ila majumbani weka nauli ndani ya bei, usiiombe pembeni. Wasio na uwezo wakusanye kikundi cha watoto watatu wanne na walezi wao, bei unagawa, na walezi wanafundishana wenyewe kwa wenyewe kuliko unavyowafundisha wewe. Pokea ya mwezi mwanzoni mwa mwezi. Nililionea aibu hili mwaka mzima, mtu ni jirani, ni mke wa binamu, nikawa nakula deni.

Hatua ya tisa: usifanye peke yako

Tafuta mkubwa wako kazini, hata kama yuko Dar au Kampala, kila mwezi mtumie kesi mbili zinazokushinda, bila majina wala sura za watoto. Mambo ya kumeza hasa, kama hujafundishwa vizuri usiguse, peleka. Na kamwe usiseme "baada ya miezi mitatu atakuwa anasema". Mzazi atakuuliza kila siku, "lakini atasema dada?" Mimi huwa nasema najua kitakachobadilika mwezi huu, nacho ni hiki, namtajia kitu kimoja kidogo, mfano atakuwa anakuletea kikombe badala ya kulia, tukifika hapo tutaongea tena.

Mafaili usinunue ya kaki, yale mchwa wanayala. Chukua ya plastiki, na kwenye jalada andika namba ya mama, ya bibi, na ya jirani mmoja, maana laini za simu huku zinabadilishwa kila wiki. Mtoto akikosa mara mbili mfululizo usidhani kapona au wamekudharau, mara nyingi nauli imekatika tu. Piga simu.